Gari Lililobaki Sotik

Sotik
14 Machi 1994

Kwa Baba Janefer,

Nakusalimu wewe, na Mama Janefer, na watoto wote. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba mvua imewafikia huko kama ilivyotufikia sisi. Hapa tuko salama. Rebeccah alikuwa anaumwa mgongo, lakini sasa anakamua ng'ombe mwenyewe na kunigombeza mwenyewe, kwa hivyo najua amepona.

Usishangae kuona mwandiko wangu. Siku ya soko nilipeleka ndama Chepilat, nikakutana na mama mmoja wa ndizi anaitwa Nyanchoka. Katika kuongea akasema ni jirani yenu huko Nyamira, na kwamba wewe bado unatengeneza magari ya watu nyuma ya nyumba. Nilifurahi mpaka nikanunua mkungu mzima ambao hatukuuhitaji.

Sasa neno lililonifanya niandike. Gari lako halikuchomwa. Najua uliambiwa liliungua pamoja na nyumba wakati wa zile fujo za kikabila. Nyumba iliungua, hilo ni kweli, na mimi nilisimama nikitazama bila la kufanya. Lakini kile kigari cha kijani kisicho na paa, ile MG uliyopewa na meneja wa mashamba ya chai alipokuwa anarudi kwao Uingereza, kiko hapa kwangu nyuma ya zizi, chini ya majani ya nepia. Kila nikikata majani ya ng'ombe nabakisha ya kukifunika. Injini ni ile ile iliyoganda, unaijua, na vitu vingine haviko juu yake. Lakini bodi iko.

Njoo ulione. Au njoo tu, hata kama hutaki kuliona.

Ndugu yako,
Jonah, Baba Weldon


Nyamira
20 Aprili 1994

Kwa Jonah,

Salamu. Sisi ni wazima. Mvua iko. Mpe Rebeccah pole ya mgongo.

Barua yako nililetewa na Nyanchoka, nikaikalia siku nyingi kwa sababu sikuamini. Lile gari nilikuwa nimeshaliweka pamoja na vitu vilivyokwisha. Miaka yote nililitunza likiwa la meneja, mpaka mpwa wake alipolipeleka Kericho na kulirudisha bila tone la mafuta ya injini, ikaganda, naye meneja akaniambia, Ogeto, chukua. Tangu siku hiyo niliota kulitia injini ya Toyota. Na sasa, utacheka, injini ninayo. Ni ya Corolla iliyogongwa nyuma, injini nzima pamoja na giaboksi yake. Iko jikoni, nimeifunika gunia, na mke wangu Bilhah anaweka sufuria juu yake. Kwa hivyo injini iko huku, gari liko huko, na katikati kuna barabara ambayo mimi sipiti.

Nitasema wazi maana sijui kuzungukazunguka. Siku ile ya mwaka wa tisini na mbili ulikuja mlangoni kwangu na wale vijana nyuma yako, ukanipigia kelele mbele ya watoto wangu: "Ogeto, toka leo, na usigeuke nyuma." Sikugeuka. Bado sijageuka. Bilhah hataki hata kusikia jina la Sotik, redio ikilitaja anaizima. Mguu wangu haukanyagi huko tena, hata kwa ajili ya gari.

Lakini kwa kulifunika nashukuru. Niambie ni vitu gani haviko.

Ni mimi,
Ogeto


Sotik
8 Mei 1994

Kwa ndugu yangu Baba Janefer,

Pokea salamu zetu, na Rebeccah anasema zake zihesabiwe peke yake, zisichanganywe na zangu. Tu wazima. Ng'ombe wawili wamezaa, kwa hivyo usingizi ni kidogo lakini maziwa yako.

Umeuliza vitu vya gari. Wacha nikueleze. Mlipoondoka, tulisikia kwamba wale vijana watarudi kuchoma chochote cha Mkisii kilichobaki. Gari lilikuwa limesimama pale kwenu wazi kabisa. Nikawaita majirani kabla hawajafika, nikawaambia kila mtu afungue kitu, abebe, aende nacho kwake, halafu tukalisukuma lililobaki mpaka kwangu. Gari lililogawanywa halina tena mwenyewe, limekuwa vyuma vya watu. Waliporudi walikuta tumelitandikia nyasi na ndama amelala ndani. Wakaenda zao.

Boneti iko kwa Kipkosgei, ameifanya paa la banda la kuku. Kioo cha mbele ni dirisha la jiko la Rodah. Magurudumu yako kwa Noah, mawili yako kwenye mkokoteni wake wa maji na mawili yametundikwa. Viti viko kanisani, Jumapili mchungaji hukalia kimoja na Chepkemboi, yule anayeongoza kwaya, hukalia kingine. Usukani ninao mimi, uko juu ya kitanda chetu na Rebeccah anatundika kitambaa chake hapo. Hakuna kilichouzwa.

Kuhusu siku ile ya mlangoni, karatasi ni ndogo. Ninalo la kukuambia, lakini nataka kulisema nikikuona usoni. Kwa sasa, kama mguu wako haukanyagi huku, tumia mikono yangu. Niandikie la kufanya, nami nitalifanya. Unajua sijawahi kufungua kitu kigumu kuliko kopo la maziwa, kwa hivyo andika polepole.

Ndugu yako,
Jonah


Nyamira
12 Juni 1994

Kwa Baba Weldon,

Salamu kwenu nyote. Janefer alikuwa na kikohozi, sasa anacheza. Sisi wengine hatujambo.

Nilisoma barua yako nikacheka, mpaka Bilhah akatoka jikoni kuuliza ni nani ameingia. Mchungaji amekalia kiti cha MG! Kile cha kushoto kina springi inayochoma. Kama amekipata hicho, nadhani mahubiri siku hizi ni mafupi. Na wale majirani waliobeba, waambie nimesikia. Sijui niseme nini zaidi ya hapo.

Haya, nitatumia mikono yako. Kazi ya kwanza ni kutoa injini ya zamani. Fungua kila nati inayoishika, na kila nati uitie kwenye kopo, si mfukoni. Mnyororo wa kuinulia huna, kwa hivyo simamisha nguzo tatu za mti wa blugamu, uzifunge juu, utundike gurudumu la kisima, upitishe kamba nene, utafute watu wa kuvuta.

Kazi ya pili ndiyo kubwa. Injini ya Mjapani haina pa kukaa ndani ya gari la Mwingereza. Lazima niitengenezee mauntini, vile vyuma viwili ambavyo injini inakalia kama mtu juu ya kigoda, na siwezi kuvichomelea bila kipimo. Futi yako ni ile ya shule iliyokatika kichwa, usiiguse. Chukua kamba nyembamba ya katani. Shika mwisho wake kwenye chuma cha kushoto, uivute mpaka chuma cha kulia, ufunge fundo. Halafu fundo hilo liweke kwenye ule ukuta ulio mbele ya miguu ya dereva, upime tena mpaka ubavu wa chini, ufunge fundo la pili. Mafundo mawili. Ukitamani kufunga la tatu, kafunge ndama. Halafu unitumie kamba hiyo.

Jirani yako,
Baba Janefer


Sotik
24 Julai 1994

Kwa ndugu yangu,

Salamu nyingi, na pole kwa kikohozi cha mtoto, hata kama kimeisha. Sisi tunaendelea vizuri na chai inachipuka kwa fujo. Kiwanja chenu kiko vile vile, hakuna aliyejenga. Ile michai yenu ya karibu na njia niliikata mara moja, isije ikawa msitu.

Injini ya zamani imetoka. Watu wa kuvuta sikupata, kila mtu alikuwa anachuma. Rebeccah akasema tufunge kamba kwa maksai. Ni yule mwekundu aliyekula kofia yako. Unajua yeye husikia sauti ya Rebeccah tu, mimi ananiona kama mpita njia. Mara ya kwanza alitembea kama anayekwenda kulima, injini ikaruka ikagonga nguzo, nami nikajikuta kwenye nepia. Mara ya pili Rebeccah alisimama mbele yake na majani ya viazi vitamu, akamsemesha kidogo kidogo, akawa anavuta hatua, anasimama, hatua, anasimama. Injini ikapanda taratibu kama ndoo. Sasa iko nje na kuku wanailalia.

Kutu imekula sakafu upande wa dereva, ukikaa unaona ardhi. Kwingine nilikwangua, chuma kiko.

Kamba ndiyo hii, nimeifunga kuzunguka barua. Nilipima, Rebeccah akashika mwisho, halafu nikapima tena kwa sababu nilijua utauliza. Mafundo ni mawili.

Ndugu yako,
Jonah


Sotik
18 Septemba 1994

Kwa ndugu yangu Baba Janefer,

Hujambo, na hawajambo nyumbani? Sisi hatujambo. Mahindi yamekauka vizuri.

Mauntini zako zilifika kwa mkono wa Nyanchoka, zimefungwa kwa majani ya mgomba kama nyama ya sherehe. Zimechomelewa vizuri mno, hata Kipkosgei alizipapasa. Lakini haziingii. Moja ikikaa mahali pake, nyingine inaning'inia hewani, inapungukiwa na upana wa kiganja changu. Nilizigeuza, nikazibadilisha, nikalala chini ya gari mpaka Rebeccah akaniletea uji huko huko. Kipkosgei anasema labda gari limenenepa kwa kukaa bure.

Labda uliangalia fundo lingine? Hebu tazama tena.

Ndugu yako,
Jonah


Nyamira
2 Oktoba 1994

Jonah,

Salamu. Tuko.

Fundo nililoletewa ndilo nililotumia. Mimi kwa kipimo sikosei. Wewe ulipima kama unayepimia ng'ombe majani, konzi hapa, konzi pale, na chuma changu kizuri kimekwenda bure. Nilijua tangu mwanzo kwamba hili jambo la kutengenezea gari kwenye karatasi halifai. Mambo ya kule yalikwisha siku tuliyotoka. Tuache. Boneti ibaki kwa kuku, na viti vibaki kwa Bwana.

Ogeto


Sotik
20 Desemba 1994

Kwa ndugu yangu,

Krismasi njema kwako, kwa Mama Janefer na watoto. Sisi ni wazima. Sina neno lingine. Gari bado nalifunika.

Ndugu yako,
Jonah


Nyamira
19 Februari 1995

Kwa ndugu yangu Jonah,

Nakusalimu kwa moyo wote, na ninamsalimu Rebeccah peke yake, zisichanganywe. Hapa tu wazima. Pole kwa kukaa kimya, na asante kwa ile barua fupi ya Krismasi, ambayo niliisoma mara nyingi kuliko urefu wake.

Sikia kisa. Juzi Nyanchoka aliingia jikoni kwetu, akaona ile kamba yako nimeitundika ukutani. Akaangua kicheko. Akasema, kumbe hii kamba mliiweka, na mimi nilifungia jogoo. Nikamwambia akae chini aeleze. Siku ile uliyompa barua, alikuwa amenunua jogoo huko upande wenu na hakuwa na kitu cha kumfunga. Akafungua kamba kwenye barua, akakata kipande cha katikati pamoja na fundo lako moja, akamfunga jogoo miguu. Alipofika huku akaona aibu ya kuleta kamba fupi, akaunganisha mabaki kwa fundo lake mwenyewe na kuyakaza vizuri, akaifunga tena barua, akashukuru Mungu. Kwa hivyo nilichomelea mauntini kwa kipimo cha jogoo. Na jogoo mwenyewe alishaliwa. Wewe ulipima sawa, na Rebeccah alishika sawa. Yale maneno ya majani ya ng'ombe nayaondoa.

Mimi nilicheka. Bilhah hakucheka. Tulipobaki wawili akaniambia, "Wewe unajua kukasirikia mtu kwa sababu ya kamba. Hata ile ya mlangoni ulikasirika hivyo hivyo." Kisha akaenda nyuma ya vyungu vyake akatoa kibuyu cha mursik, yale maziwa yenu ya mgando, kimefungwa kwa kitambaa safi. Nikauliza kimetoka wapi. Akasema kimetoka kwa Rebeccah, siku ile ile. Akasema wakati wewe uko mlangoni unanipigia kelele, Rebeccah alipitia nyuma, akakiingiza kati ya blanketi zetu, akamnong'oneza: "Shukeni kwa mto, barabarani wanawangoja." Bilhah ndiye aliyetupitisha mtoni. Mimi nilidhani ni akili yake. Na yale maziwa watoto wangu walikunywa tulipofika, nikaambiwa ni ya msamaria mmoja. Miaka yote hii hakunieleza, kwa sababu jina lako likitajwa nilikuwa nasukuma sahani na kutoka nje. "Mtu anayekufukuza," akasema, "mke wake hakufungii maziwa."

Baba Weldon, ulikuwa unapiga kelele ili wakutazame wewe wasimtazame yeye. Nililia, na sioni aibu kuandika. Asante. Sijui asante nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo, ningeiandika.

Nitakuja. Mteja wangu mmoja ana pikapu, atanifikisha Chepilat na injini yangu siku ya soko, ile ya kwanza ya mwezi wa nne. Kipimo nitachukua kwa mkono wangu. Bilhah anasema, "Enda wewe, mimi bado." Simlazimishi.

Ndugu yako,
Ogeto


Sotik
5 Machi 1995

Kwa ndugu yangu,

Salamu zetu zote ziko Chepilat zinakungoja.

Lile nililotaka kukuambia usoni umeshalijua. Nafurahi umelisikia kwa Mama Janefer, maana kinywani mwangu lingekuwa kama kujitetea. Nitafika sokoni mapema, nitasimama mahali utakaponiona kabla hujavuka kuja upande wetu. Rebeccah atakuja na maksai na mkokoteni. Tutatembea pamoja mpaka nyumbani, na anayetaka kutazama atatazama.

Ndugu yako,
Jonah


Nyamira
30 Aprili 1995

Kwa ndugu yangu Jonah,

Nimefika salama na nimewakuta wote wazima. Nyinyi je? Miguu ya maksai haijambo? Mwambie kofia nimemsamehe.

Tangu nirudi nasimulia mambo yale kwa kila anayekuja na gari bovu, na sasa nataka kukusimulia wewe pia, ingawa ulikuwepo, kwa sababu yalinijaa sana wakati ule na sikusema kitu.

Nilipoingia kwenye boma lako nilitaka kugeuka, nikwambie ukweli. Halafu nikaona gari limefunuliwa, na pembeni Rodah amesimama na kioo chake amekishika kama mtoto, na huko jikoni kwake amebaki na tundu. Noah alikuja akiviringisha magurudumu. Jumapili mchungaji alitoa baraka, akainuka, akabeba kiti chake kichwani mpaka kwako. Nikakipapasa, ni kile cha springi. Sikumwambia kitu.

Na Kipkosgei. Sikukuuliza, lakini nilimtambua, alikuwa mmoja wa wale wa mlangoni. Alileta boneti ameiosha mpaka inang'aa, akaiweka chini, akawa hajui aweke wapi mikono yake. Wewe ulikuwa unaniangalia. Nilimwambia, "Shika upande ule, tuifunge." Akashika. Tulikaza nati zote bila kuongea, na nadhani ndivyo ilivyofaa.

Lakini ile ya maksai kurudi nyuma sitaisahau mpaka niingie kaburini. Kuinua injini, sawa, ng'ombe yeyote anavuta. Kuishusha mahali pake ndiyo kazi, na Rebeccah aliweka kiganja kwenye kifua cha yule mnyama akamsemesha, naye akarudi unyayo kwa unyayo, mimi nikiwa chini naongoza injini kwa vidole, mpaka ikakaa juu ya mauntini mpya bila hata kugonga. Nimefanya kazi na minyororo ya mashamba makubwa, haijawahi kunisikia hivyo.

Najua wenzo wa gia umetokea nyuma mno, mtu anabadilisha gia kama anayejikuna kiuno. Sakafu ni bati la lile pipa lako. Sauti ni ya Corolla. Lakini lilipowaka, Jonah, ulivua kofia yako, nikaona kichwa chako kimeota mvi, na nikajua hata changu. Tulipopanda mpaka lami, wewe umekunja magoti mpaka masikioni na umeshika mlango usifunguke, wale wachumaji walisimama katikati ya chai wakapunga mikono. Walikuwa wanampungia nani, mimi au wewe, sijui. Nilipunga.

Gari nimeliacha kwako kwa sababu ya breki. Vile nilivyowaonyesha wewe na Kipkosgei, mmoja akanyage, mwingine atoe hewa, mtaweza. Ufunguo nimejikuta nao mfukoni nilipofika hapa. Nilisahau, au labda sikusahau.

Bilhah aliniuliza jambo moja tu, kama Rebeccah alimuulizia. Nikasema kila siku, asubuhi na jioni. Baadaye nilimwona anaosha kile kibuyu, na hakikuwa kichafu. Nikasema nikirudi nitakipeleka. Akasema, "Si wewe uliyepewa."

Ahsanteni kwa chakula, kwa kitanda, kwa nepia. Waambie majirani nashukuru, mmoja mmoja, kwa jina.

Ndugu yako,
Ogeto


Sotik
23 Mei 1995

Kwa ndugu yangu Ogeto,

Salamu. Natumaini unaisoma barua hii umekaa. Sisi huku ni wazima, na tumezidi kwa mtu mmoja, kwa hivyo usizunguke kwa majirani ukiuliza. Mama Janefer yuko hapa.

Ni kweli alikuambia kwamba anakwenda Chepilat na Nyanchoka kuuza ndizi. Walipofika alimwachia Nyanchoka ndizi zote, akaendelea kwa miguu peke yake. Hakuuliza njia. Mimi nilikuwa langoni nachonga mpini, akanipita kama kigingi, akaingia jikoni moja kwa moja. Nilipowafuata nilikuta kibuyu kiko mezani kimejaa wimbi mpaka shingoni, na wao wameshikana. Nikatoka. Baadaye nikasikia Rebeccah anaweka maji ya chai, nikajua kumekuwa sawa.

Alitaka kuona mahali nyumba ilipokuwa. Alikwenda na Rebeccah, wakakaa huko kitambo. Aliporudi alikuwa ameshika majani machache ya ile michai yenu, akaniambia, "Ulikata vizuri."

Halafu akaliendea gari. Akalizunguka, akafungua mlango, akakaa upande wa abiria, akaweka mikono kwenye mapaja. Akaniuliza kama breki zimetengenezwa. Nikamwambia mimi na Kipkosgei tumetoa hewa yote, zinashika. Akasema, "Basi mwandikie. Mwambie mimi nilikuja kwa miguu, kurudi sirudi kwa miguu."

Tangu hapo hajatoka. Rebeccah amempelekea chai huko huko, na sasa amekaa kiti cha dereva, wanacheka mambo yao, na viti ni viwili tu, kwa hivyo mimi nakuandikia nikiwa nimesimama, karatasi iko juu ya boneti. Nyanchoka ndiye atakayekuletea. Nimeibandika kwa gundi, sikuifunga kwa kamba.

Nepia nimeitoa yote, nimewapa ng'ombe. Gari limeelekea langoni. Njoo, na ulete ufunguo.

Ndugu yako,
Jonah